Gari la Mjomba Mfaume Halitaonekana

Jumamosi, 14 Juni 2025

Tumeondoka Tabora mjini! Mjomba Mfaume amegeuza Hiace yake kuukuu kuwa nyumba: kitanda, jiko, mapazia. Tunafuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Tura. Sharti lake: nikipata usiku mmoja tulivu, bila watu, atasoma yeye risala ya familia kwenye harusi ya dada Tatu, Jumatano, Isikizya. Nikishindwa, nasoma mimi. Mbele ya ukumbi mzima! Heri nilale na fisi.

Namshuku Sabiri, mtoto wa mjomba, tuliye naye garini. Anasalimia kila mtu njiani, hata mbuzi. Kwa nini?

Jumapili, 15 Juni

Tulilala porini, nyuma ya kijiji. Kulipopambazuka, watoto walikuwa wamejipanga wakitutazama tukipiga mswaki. Mmoja akauliza sinema inaanza saa ngapi. Nani kawaambia? Sabiri anadai gari jeupe porini linajitangaza lenyewe. Jibu la haraka mno.

Mjomba alitaka kwanza tukajitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji, ndiyo desturi. Nimemsihi asiende. Ukimsalimia mmoja, umeusalimia ukoo. Nimesoma kwamba misafara ilisimama kwa kila mtemi na kutoa hongo, ushuru wa kupita. Ndiyo maana ilichelewa!

Jumatatu, 16 Juni

Jana tulilala kando ya reli. Treni ikasimama mbele yetu, abiria wakaomba chai. Sabiri aliwapungia mkono. Aha!

Leo nafasi ya mwisho, kesho tunageuza kwenda harusini. Tumeacha barabara. Nimefunika gari kwa matawi, nimefagia alama za magurudumu. Kimya! Nikasoma kurasa tatu za kitabu changu.

Alasiri, filimbi. Mchungaji kaona gari lililofichwa, akaamua sisi ni wezi wa ng'ombe. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakapiga yowe, na huku asiyeitikia yowe hupigwa faini. Kijiji kizima kikaja na marungu. Nikatolewa chini ya kitanda.

Mwenyekiti, mzee Shilinde, akaniamuru nijieleze mbele ya wote. Nikajipangusa vumbi. Mwishowe nikasema shikamooni. Wakaitikia marahaba kwa mpigo mmoja, tawi likadondoka. Nikaeleza yote, mpaka harusi. Wakacheka hadi marungu yakawekwa chini. Mzee akasema ningepiga hodi, angenipa kona yangu na kuwakataza watu kunisumbua. Anayejificha ndiye anayetafutwa. Mama mmoja akasema mwanangu, unahutubia kumshinda diwani.

Mjomba akasikia. Akawasha gari: risala nasoma mimi.

Jumatano, 18 Juni

Isikizya. Gari liko nyuma ya ukumbi, ngoma zimeanza. Nimetafakari sana maneno ya mzee Shilinde na kosa nimeliona: matawi yalikuwa machache. Nimekata mengine, mabichi, nimejifunika mimi mwenyewe.

Sabiri amepita sasa hivi, akakisalimia kichaka changu kwa jina langu.

Nani kamwambia?