Moyo wa Epiphanie Usipite Bila Kukaguliwa

Gisenyi, 8 Juni 1999

Mheshimiwa Mkuu wa Hospitali,

Pole kwa kazi. Mimi ni Evode Hategekimana, karani wa forodha pale mpakani, Grande Barrière, na mume wa Epiphanie, yule mama wa kitanda cha dirishani ambaye mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri. Naandika kwa heshima, ingawa nimekasirika sana.

1. Kila asubuhi Daktari Kimenyi huleta wanafunzi wake kitandani. Mmoja mmoja huinama, huweka ule mpira wa kusikilizia kifuani pa mke wangu, halafu hufumba macho. Mimi nipo hapo hapo nimeshika chupa ya chai! Mmoja alitabasamu.

2. Hospitali ina mashine mpya yenye kioo kama televisheni, inayoonyesha moyo ukicheza. Lakini Daktari amewakataza wanafunzi kuitazama kabla hawajasema walichosikia. "Mutu akianza na kioo, masikio yake inalala," eti. Picha mimi naielewa. Picha naweza kuishika, kuikagua na kuigonga muhuri.

3. Mpakani hakuna mzigo unaopita bila mimi kujua kilichomo. Sasa habari za ndani ya mke wangu zinapita kwenye mpira, zinaingia masikioni mwa vijana wa chuo cha Butare, zinakwenda zao. Moyo umesema nini kuhusu nyumba yangu? Umetaja ile jioni nilipomnunia mama mkwe? Kwetu mgeni haingii chumbani kabla ya kumsalimu mwenye nyumba. Hawa wamefika mpaka moyoni na mkono hawajanipa.

4. Daktari aliwaambia, "Hii moyo ni muzuri kwa kufundisha, hamutaisahau." Tangu siku hiyo Epiphanie anajipaka mafuta kabla hawajafika. Nilipolalamika aliniuliza mbele ya wadi nzima: "Bon, na we? Tangu tuoane, ulishasikiliza moyo yangu?" Kabatesi wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikwenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

5. Niliomba wanafunzi wajifunze kwangu pia. Daktari alinisikiliza kidogo tu, akasema moyo wangu hauna cha kufundisha. Iliniuma.

Kwa hiyo naomba mashine itumike peke yake, mipira yote ifungiwe kabatini, na sauti zilizokwisha kutoka nitangaziwe mimi, moja moja. La sivyo, Jumatatu namrudisha mgonjwa wangu nyumbani.

Wasalimie wauguzi, mpishi, walinzi wa lango, na Daktari Kimenyi pia, kwa sababu nimelelewa vizuri.

Mimi mume wa kitanda cha dirishani,
Evode Hategekimana

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mwanafunzi Belise alikuja, akanisalimu kwa mikono miwili, akanipa mpira wake: "Papa, kuja usikilize." Nilisikiliza. Panagonga, kisha kitu kinapita kama upepo chini ya mlango, kisha panagonga tena. Mama mkwe hakutajwa. Niliogopa sana, na nilipozinduka nilikuta nimefumba macho. Mheshimiwa, Epiphanie asitoke hapo. Wanafunzi waje wote, na wa mwakani, wausikilize moyo wake mpaka waujue, ili siku umeme ukikatika asikose mtu wa kumsikia. Jumatatu nitakuwepo, nyuma ya mstari wao. Naomba mpira.