Siku Kumi na Mbili Bila Kola

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mashindano yametangazwa. Jumamosi ya tarehe 15, na ni bila gi! Tangazo limebandikwa mlangoni mwa klabu. Nimelisoma mara tatu nikitumaini herufi zitajirekebisha zenyewe.

Kwa faida ya wajukuu watakaosoma haya: gi ni lile koti zito la jujitsu pamoja na mkanda wake. Miaka minne nimeshinda kwa kitu kimoja tu. Nakamata kola ya koti la mtu, nakaza, anagonga mkeka kuomba amani. Klabu nzima inaniita Mama Kola. Sasa tutapigana kwa fulana za kubana na kaptula. Kola iko wapi? Haipo!

Mwalimu ameongeza lingine. Kati yangu na wifi yangu, atakayemaliza mbele ndiye atakayefundisha darasa jipya la wanawake. Wifi ni msusi, mdogo wake mume wangu, ana miezi minane tu klabuni. Gi hajawahi kuivaa. Anaiita pajama. Na mimi wateja wangu wote wa cherehani nimeshawaambia darasa ni langu. Nusu yao wananiita mwalimu.

Sina wasiwasi. Moyo unadunda kwa furaha. Nadhani ni furaha.

Jumanne, 4 Machi

Zoezi la kwanza bila gi. Watu wanateleza kama sabuni! Mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta kola shingoni mwa dada mmoja wa klabu, mfamasia. Ukapapasa, ukapapasa, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akaniuliza kwa upole kama kuna kitu nimepoteza. Kisha akanipiga kabali. Nimegonga mkeka mara sita.

Mwalimu akasema nishike kichwa, nipitishe mkono kwapani, nimgande mtu kifua kwa kifua. Siku zilizobaki zinatosha, mradi nije kila jioni. Nikaitikia kwa heshima zote. Kila jioni! Mtu mwenye akili atokwe jasho kila jioni ya nini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Nimejitolea kushona fulana za klabu nzima, bure. Mwalimu akanishika mkono muda mrefu. Nimewapima wote. Ya wifi ina mambo yake: upana wa vidole vinne vya ziada kila kwapa, nipate pa kushika, na nyuma ya shingo mkunjo wa kitambaa uliofichwa, mshono mara mbili. Kola! Ndogo, nyeusi, huioni hata ukiambiwa ilipo. Ni kweli Mwalimu alisema kitu kuhusu kutoshikana nguo. Nilichukulia ni ushauri.

Mume wangu aliuliza nacheka nini peke yangu kwenye cherehani. Sikumwambia. Ni mtu mwema, lakini kwa dada yake anavuja kama bomba.

Jumapili, 9 Machi

Wifi amekuja kuijaribu fulana. Nilijiandaa kwa maswali. Hakuuliza hata moja. Alijitazama kwenye kioo, akageuka huku na huku, akasema tangu ajifungue anaona haya kuvaa nguo za kubana mbele za watu, na mimi ndiye mtu wa kwanza kuliona hilo bila kuambiwa. Machozi yakamlenga. Yakanilenga na mimi, kwa sababu zangu.

Halafu akanikalisha kwenye kigoda akanisuka. Saa tatu nzima! Nywele zote zimebanwa kichwani ili zisinisumbue siku ya pambano. Hakutaka hata asante. Dhamiri ilinichoma vibaya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie kila kitu. Bahati nzuri chai ikaletwa.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezini sijaenda, bado fulana kumi na nne. Lakini utelezi lazima niuzoee. Nikamshawishi mume wangu avue shati jikoni, nikampaka mafuta ya kupikia mgongoni, mabegani, shingoni. Nikamrukia! Akanichomoka kama samaki, akateleza kwa tumbo sakafuni hadi kwenye kabati la vyombo. Sahani tano hazipo tena. Ndipo mama mkwe akafungua mlango.

Akatutazama. Mume wangu akasema, “Mama, ni mazoezi.”

“Sijauliza, mwanangu,” akajibu, akafunga mlango taratibu sana.

Jioni tumekula pamoja. Mama mkwe hakugusa chochote kilichokaangwa.

Jumamosi, 15 Machi

Siku yenyewe! Ukumbi umejaa, makofi, vigelegele, wateja wangu safu ya mbele. Kwenye uzito wetu tulijiandikisha watatu, mmoja hakutokea. Nimefika fainali bila kutokwa jasho! Na upande wa pili wa mkeka, wifi, ndani ya fulana yangu.

Mwamuzi akatukumbusha tusishikane nguo. Nikaitikia kwa utiifu.

Tukaanza. Nikangoja mwamuzi azunguke upande wa pili, nikapitisha mkono nyuma ya shingo ya wifi. Ipo! Vidole vinne vikaingia kwenye mkunjo kama mtu anayerudi kwake. Raha niliyoisikia siwezi kuielezea. Nikavuta ili nikaze. Kitambaa kikajisokota, vidole vikanaswa. Nikataka kuvitoa. Wapi! Mshono mara mbili, uzi wa nailoni, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Haukuachia hata uzi mmoja. Hata katika hali ile nilijivunia.

Wifi akaona mkono umekaa tu pale, hausogei. Akaukumbatia, akajilaza chini nao, akaunyoosha. Nikagonga mkeka kwa mkono uliobaki. Sekunde arobaini na moja. Daktari wa mashindano akaja mbio na mkasi, si kwa ajili ya mfupa, kwa ajili ya mshono.

Wateja wangu walipiga makofi kwa adabu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wifi akanivuta pembeni, akaninong'oneza: “Wifi, pale shingoni ulikosea kushona. Usijali, sitamwambia mtu.”

Kisha akasema darasa tutalifundisha pamoja, mimi siku za gi, kwa sababu mambo ya kola klabu nzima hakuna anayeyajua kama mimi. Ameshazungumza na Mwalimu. Nikashindwa kujizuia, nikalia kwenye kwapa la ile fulana. Lilikuwa na nafasi ya kutosha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimebadilika. Ujanja ujanja basi! Leo nimemfuata Mwalimu mwenyewe, nikamwahidi nitakuja kila jioni, nishike vichwa na makwapa kama wenzangu. Alifurahi mno. Akanipa orodha ya mashindano ya mwezi wa sita niipitie nijipange.

Nimeipitia kwa heshima tu, sina nia yoyote. Kumbe kuna kundi la wanawake waliozidi miaka hamsini! Waliojiandikisha mpaka sasa: hakuna hata mmoja. Medali inakaa pale peke yake. Mimi nina thelathini na tisa.

Jioni, badala ya mazoezi, nimekwenda dukani polepole, mkono kiunoni, nikiguna kila baada ya hatua tatu. Fundi baiskeli wa pale kona, ambaye najua fika amenizidi miaka sita, ameacha gurudumu, akasimama wima, akanipa shikamoo.

Marahaba!