Pasi na Vumbi la Sonara

Watu walimwita Pasi kwa sababu ulimi wake ulinyoosha kila kilichokunjamana, isipokuwa maisha yake mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea mlango wa sonara akijikinga jua, akaona mwanga wa dirishani umejaa chembe za manjano zinazoelea taratibu. Sonara alikuwa anang'arisha kitu huku akikohoa. Pasi alimeza mate. Nani asiyejua kwamba masonara hufagia sakafu zao wenyewe na kuziyeyusha takataka, isipotee hata punje ya dhahabu? Lakini hewa je? Nani anafagia hewa?

"Shikamoo, mzee wangu. Kikohozi hicho si cha kuchekea."

"Marahaba. Hiki tumeshazoeana, kijana."

"Mazoea mabaya hayo. Tazama." Pasi alichomoa kitana cha plastiki, akakisugua kwenye nywele zake, akakisogeza mezani. Vipande vya karatasi vikaruka vikang'ang'ania kitana. "Huu ni umeme tuli. Nina mashine inayofanya hivi kwa vumbi la chumba kizima. Waya unalitia chaji, bati linalinasa, wewe unapumua kama mtoto."

"Bei?"

"Bei ya nini, mzee? Mashine iwe yako maisha. Mimi nichukue tu vumbi la wiki hii, kwa uchunguzi wa afya."

Sonara aliweka tupa chini. "Vumbi lote?"

"Lote. Kwani wewe la nini?"

"Kweli, la nini." Wakapeana mkono. Sonara alikohoa tena, au alicheka. Kwa kifua cha namna ile ni vigumu kujua.

Hapa inabidi sisi tuseme ukweli, kwa kuwa Pasi hana kawaida hiyo. Umeme mkali wa kazi ile hupatikana ndani ya televisheni za zamani, zile nene za chogo, na televisheni pekee ya chogo aliyoweza kuifikia ilikuwa ya mama mkwe wake. Nyumba aliyolala Pasi na mkewe nayo ilikuwa ya mama mkwe.

"Naipeleka kwa fundi, mama."

"Ijumaa tamthilia yangu inaisha, baba. Televisheni isiporudi, na wewe usirudi."

Mashine ilifanya kazi, jambo lililomshangaza Pasi kuliko mtu yeyote. Mabati yakaanza kuvaa manjano. Sonara naye akashikwa na bidii ya ajabu, kutwa anang'arisha, na kila Pasi alipopita dirishani alimpungia mkono kwa upendo wa dhati. Moyoni alikwisha kumnunulia mama mkwe televisheni ya ukutani, na yeye mwenyewe viatu.

Ijumaa asubuhi alikwangua mabati, akajaza mfuko, akaondoka mbio kwa myeyusha vyuma. Yule bwana alichota kidogo, akakipikicha kwa vidole.

"Shaba," alisema.

"Tazama vizuri, kaka!"

"Nimetazama. Shaba, na chokaa ya ukutani kidogo. Kuna mtu anang'arisha vitasa vya milango."

Mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Pasi alimkuta sonara ameketi chini ya mashine, kifua kimetulia.

"Karibu, daktari! Uchunguzi unasemaje?"

"Mzee, dhahabu iko wapi?"

"Dhahabu? Naifanyia kazi chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Hapa mbele ni vitasa tu. Lakini wewe si ulitaka vumbi?"

Pasi aliinua macho kwenye mashine. Kulalamika ni kukiri. "Basi nirudishie mashine."

"Maisha, ulisema. Mungu akubariki, mwanangu, sikohoi tena."

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa ameielekea meza tupu. Muziki wa tamthilia yake ulikuwa unasikika kutoka kwa jirani.

"Televisheni yangu iko wapi, baba?"

Pasi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ukweli ndio uliotangulia kutoka.

"Inasafisha hewa, mama."

"Hewa ya nani?"

"Ya sonara."

"Basi nenda ukaivute hiyo," alisema mama mkwe, akisimama kufungua mlango, "maana hii ya humu ndani ni yangu."