Hata Tone Moja la Oili

Jumatatu, Julai 7

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, mimi nimeshinda! Kikao cha kamati ya mavuno kimefanyika sebuleni kwa Mzee Sumari, na imeamuliwa kwamba gari litakalombeba Mkuu wa Jimbo la kanisa letu Jumapili kwenda sikukuu ya mavuno kule Momela ni langu. Langu! Si pikapu ya Lesian.

Nieleze vizuri, maana siku moja wajukuu watasoma. Mzee Sumari ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzee wa kanisa, na baba yake Brightness. Brightness ndiye nitakayemuoa. Barua ya posa imeshaandikwa, iko kwenye droo ya mama hapa Akheri, lakini mjomba amegoma kuipeleka mpaka mzee aonyeshe dalili yoyote ya kunikubali. Lesian naye ananyemelea nyumba hiyo hiyo. Ana pikapu ya dizeli yenye kelele za mashine ya kusaga, na mdomo wa kufanana nayo.

Mzee Sumari anapenda injini kuliko ramani. Akaniuliza mbele ya kamati gari langu lina nini ndani. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasimama! Injini ya petroli, silinda nne, cc 1,998, valvu kumi na sita, nguvu za farasi mia moja na hamsini, taimingi ya cheni na si ya mkanda! Mama mmoja wa kwaya akasema amina.

Mwisho akauliza, kwa upole kabisa, kama inakula oili. Nikasema hata tone moja. Akasema yeye hana neno na mtu mwenye gari bovu, gari ni chuma tu. Ila mtu anayedanganya kuhusu injini yake atadanganya na kuhusu nyumba yake. Nikaitikia kwa sauti kuliko wote.

Inakula. Kwenda Moshi na kurudi inamaliza lita nzima.

Jumanne, Julai 8

Nimempeleka Mheshimiwa (ndilo jina la gari) kwa fundi Lemburis, gereji ya Tengeru. Kachomoa plagi. Nyeusi, zimelowa. Kasema ringi za pistoni zimechoka, oili inapanda juu na kuungua pamoja na petroli, ndiyo maana ule moshi wa bluu. Lazima injini ifunguliwe. Nikamuuliza kama itakuwa tayari kabla ya Jumapili. Akacheka mpaka akaangusha spana.

Kasema injini hizi zenyewe si mbaya, zinadumu miaka na miaka mtu akibadilisha oili kwa wakati. Akauliza mara ya mwisho nilibadilisha lini. Nikakumbuka nina miadi mjini.

Ushauri wake: nitembee na galoni ya oili, niwe naongeza kila mara, na nisimfiche mtu. Nusu ya kwanza ya ushauri nimeipokea kwa moyo mmoja.

Alhamisi, Julai 10

Akili! Nani kasema lazima ringi? Pale Maji ya Chai nimekutana na dereva wa lori, mtu mzima, anajua mambo. Kasema oili nzito ya malori haiwezi kupenya kwenye ringi, hata ziwe zimechoka vipi. Nikamwaga ya zamani, nikajaza nzito. Nikawasha. Moshi hakuna! Nikakanyaga mafuta. Hakuna! Nimecheza pale uani mpaka mama akatoka kuuliza kama nimepata kazi.

Nimemtumia Brightness video ya ekzosi safi. Kajibu kwamba wenzake wanatumiwa maua.

Ijumaa, Julai 11

Sitaki kuandika. Naandika.

Baridi ya leo si ya kawaida. Mlima Meru hauonekani kabisa. Nikawasha Mheshimiwa, akaguna. Nikawasha tena, akaguna kwa uchungu zaidi. Oili nzito imeganda ndani kama uji uliolala. Alipokuja kuwaka akaanza kugonga, tik tik tik, kama cherehani. Lemburis kaisikia hiyo sauti kabla sijaingia geti la gereji, akatoka mbio mikono juu. Kanipigia kelele mbele ya wateja: injini hii ina njia nyembamba za oili, inataka oili nyepesi, na imeandikwa kwenye kifuniko, aisee Gadiel, huna macho? Imeandikwa kweli. Nilidhani ni namba ya kifuniko.

Amemwaga yote, amerudisha nyepesi. Kugonga kumeisha. Moshi umerudi. Na sasa taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, ya njano, haizimiki. Lemburis anasema taa inaongea. Kesho nitainyamazisha.

Jumamosi, Julai 12

Siku ya mafanikio matupu!

Nimenunua stika pale stendi, imeandikwa YESU NI JIBU. Nimeibandika kwenye dashibodi, palepale juu ya taa. Mtu gani ataibandua mbele ya Mkuu wa Jimbo? Halafu nimepata galoni ya oili, nikaiingiza kwenye kiroba na kuilaza ndani kabisa ya buti.

Ikabaki moshi. Hapo ndipo nilipojishangaa mwenyewe. Nimemfuata Lesian kwa unyenyekevu, nikamwambia kwamba yeye kama mwenyeji wa barabara ile anastahili kuongoza msafara. Pikapu mbele, mimi nyuma. Nyuma yangu, hakuna mtu! Lesian alifurahi hadi akaninunulia chipsi. Nilimwonea huruma kidogo.

Jumapili, Julai 13

Nitaandika yote.

Asubuhi mama kajaza buti kwa sadaka yake: mikungu miwili ya ndizi, mahindi, maharage, maboga na jogoo mmoja mwenye hasira. Vyote juu ya galoni yangu. Vizuri, nikasema, imefichika zaidi! Nikamchukua Mkuu wa Jimbo pale Usa River. Mzee Sumari kakaa mbele, Brightness kakaa nyuma na mgeni. Shikamoo nyingi. Mkuu wa Jimbo kaisoma stika, kaisifu, kasema vijana wa leo wachache wanamkumbuka Mungu barabarani. Mzee Sumari naye kaitazama. Kaitazama muda mrefu mno kwa maneno matatu tu.

Tukaingia barabara ya hifadhini. Twiga kushoto, ukungu kila mahali. Mkuu wa Jimbo akageuka nyuma, akasema ukungu wa Meru leo unatufuata. Nikasema ndiyo baba, ndiyo Julai yenyewe. Brightness akakohoa.

Ndipo ikawaka nyingine. Nyekundu! Ile yenye kibuyu cha oili! Stika haikufika huko. Nikaifunika kwa kidole gumba, nikawa naendesha kwa mkono mmoja. Kusimama siwezi, hifadhini hairuhusiwi kushuka kwenye gari, na nyati alikuwa amesimama pembeni akitutazama kama askari wa usalama barabarani. Nikapunguza mwendo, nikamwambia mgeni kwamba natembea polepole ili afaidi kuona maziwa ya Momela. Akafaidi. Nilisali kuliko yeye.

Tumefika! Kwaya inaimba, watu wanashangilia, mimi nashikana mikono na kila mtu. Nikapanga: watu wakiingia ibadani, nachomoka, naongeza oili, kwisha. Lakini Mzee Sumari akanishika bega, akaniketisha karibu yake, benchi la mbele. Ibada ikawa ndefu. Niliporudi kwenye gari, buti jeupe. Akina mama walikuwa wameshapakua kila kitu wakakipeleka madhabahuni. Kila kitu!

Sasa sisi Walutheri wa huku, mavuno yakishabarikiwa yananadiwa nje ya kanisa. Unanunua kuku, fedha inakwenda kanisani, na ukipenda unamzawadia mtu mbele ya wote. Kitu kikishafika madhabahuni hakirudi kwa mwenyewe. Ni cha Bwana. Ukikitaka, panda dau.

Mnadishaji ni Mzee Yiamat, sauti yake haihitaji spika. Zikauzwa ndizi. Akauzwa jogoo. Kisha akaingiza mkono kwenye kiroba, akanyanyua galoni yangu juu ya kichwa. "Jamani! Mwaka huu Akheri wamevuna oili!"

Watu walicheka, halafu wakapiga makofi, kwamba ni sadaka ya kipekee. Mimi jasho. Momela Jumapili duka la oili liko wapi? Bila galoni ile Mheshimiwa hatoki pale. Nikapanda dau. Lesian, kwa utani tu, akapanda. Nikapanda. Akapanda. Nikapanda tena, na tena, mpaka Mzee Yiamat akaniambia mwanangu, sasa unashindana na wewe mwenyewe.

Mzee Sumari akageuka.

"Gadiel," akasema, taratibu kabisa, "injini isiyokula hata tone moja, galoni unaigombania ya nini?"

Nikasema naunga mkono kazi ya Bwana. Jogoo akawika. Naapa, akawika palepale, na Mkuu wa Jimbo akaangalia chini akikaza midomo.

Lesian akataja dau ambalo nisingeliweza hata kwa kuuza viatu. Akaipokea galoni. Akainyanyua. Akasema kwa desturi yetu anamzawadia ndugu yake Gadiel, akamnyweshe Mheshimiwa, maana moshi wake ameuona kwenye kioo tangu Usa River. Kioo! Sikuwaza kioo! Vigelegele. Sijawahi kushangiliwa hivyo maishani. Brightness alicheka na wenzake, kisha akaacha kucheka, akanitazama tu. Hapo ndipo niliumia. Nilitamani arudi kucheka.

Mkuu wa Jimbo karudi na pikapu. Brightness pia. Mzee Sumari kabaki na mimi. Kafungua boneti mwenyewe, kachomoa kijiti cha oili, kakifuta kwa leso yake nyeupe, kakitazama, kakitikisia kichwa. Kamimina oili bila kumwaga nje hata kidogo. Halafu kaingia ndani, kabandua stika taratibu isichanike, kaibandika kifuani kwangu, juu ya shati. Nikaendesha nayo hivyo hivyo mpaka Usa River.

Jumatatu, Julai 14

Nimekwenda kuomba radhi. Nimekaa kwenye kigoda kifupi mbele ya Mzee Sumari. Nimesema yote: ringi, oili ya malori, stika, kidole gumba. Mzee kanisikiliza. Kwenye oili ya malori alifumba macho kama mtu aliyechomwa sindano.

Halafu, sikuamini! Kasema injini ile ni nzuri, kosa ni la mwenyewe, na vyote viwili vinatengenezeka. Nibadilishe ringi. Gari likipona nimpeleke mwendo mfupi, yeye atafumba macho na kuisikiliza injini, na kabla hatujaondoka nimwambie mwenyewe atasikia nini. Nikisema kweli, mjomba alete barua. Alete barua! Kaitaja kwa kinywa chake!

Brightness kanisindikiza hadi getini. "Gadi," kasema, "hata lingekula ndoo nzima, ungeniambia tu. Mbona ule moshi nilishauona siku nyingi?" Nilitokwa na machozi, sioni aibu kuandika. Nimeapa mbele yake kwamba uongo mimi basi. Ukweli ni mtamu jamani! Usiku huu nalala nikiwa mtu mpya.

Jumatano, Julai 16

Lemburis kasema ringi za injini hii lazima ziagizwe Dar, tena kazi ni ya wiki mbili hivi, nivumilie. Ningevumilia. Lakini jana Lesian kaonekana getini kwa Mzee Sumari na kikapu cha maparachichi! Wiki mbili na maparachichi yale? Hapana.

Nimewaza usiku kucha, na jibu lilikuwa wazi. Mzee atafumba macho. Hataona kitu. Atasikiliza tu! Na sikio ni moja, haliwezi kusikia vitu viwili kwa wakati mmoja.

Nimefunga spika mbili kubwa chini ya viti, na nimepata nyimbo za kwaya ya usharika wao, ile anayoilea yeye mwenyewe. Mzee wa kanisa atathubutuje kuniambia nizime? Nitamwambia kweli tupu kabla hatujaondoka: baba, utasikia kwaya.

Barua nimeshaitoa kwenye droo. Nimemwambia mjomba apige koti pasi.