Nimeuamkia Mkungu, Shangazi Akaitika

Leo nimeumbuka, na aliyeniumbua ni mdomo wangu mwenyewe. Acheni niwaeleze kabla rafiki yangu Shomari hajawaeleza kwa kutia chumvi.

Mnajua nimeposa. Neema, binti wa Ipole, kwao wafuga nyuki. Leo jioni shangazi yake alikuwa aje hapa Isevya kuiona nyumba, kisha atoe jibu la ukoo. Akikataa yeye, basi tena. Na uani kwangu mti wa mkungu umetupa tawi mpaka njiani, usawa wa kifua, mgeni lazima ainame. Nikasema hapana, shangazi hatainama. (Sijaoa bado, nimeshaanza kujipendekeza.)

Nikaazima chenso, ule msumeno wa injini, kwa fundi jirani. Fundi akanikazia macho: "Usipande nayo ngazi. Usikate kitu kilicho juu ya mabega yako. Na usiwe peke yako."

Nikatii yote. Buti, glavu, miwani, kofia ngumu, na vile vya kuziba masikio. Shomari nikamweka getini azuie watu. Mtu akija, yeye Shomari apite mbele yangu kwa mbali akipunga shati, nizime mashine.

Sasa, Shomari ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani! Hapo ndipo nilipokosea.

Nikakata. Tawi likashuka taratibu, halikugusa hata ukuta. Nikazima chenso, nikaiweka chini, nikaketi juu ya tawi, geti nikaligeuzia mgongo. Vya masikioni nikavisahau.

Jamani, ule ukimya! Vumbi la mti linaelea juani, majani yanacheza bila sauti. Nikazama. Nikaona misafara ya zamani inapita hapo hapo uani, wapagazi na mizigo yao, kimya, kama wanakanyaga pamba. Katikati yao Neema, amejitwisha mtungi, ananiita "baba Kulwa". Nilisikia raha.

Nikaanza kufanya mazoezi ya kumpokea shangazi. Kwa kunong'ona. (Nilidhani nanong'ona. Ukiziba masikio hujijui.)

"Shikamoo shangazi! Karibu! Neema kanipa habari zako. Eti ukikoroma, nyuki wa Ipole wanahama mzinga!" Nikacheka peke yangu. "Ila usijali, pamba za masikio nimeshanunua. Wewe nipe binti tu, halafu uwahi gari la kurudi!"

Nikainuka, nikaokota kijitawi chenye majani mazuri, nikakikumbatia, nikaanza kucheza nacho kama bibi harusi. Nikazunguka mara moja, macho nimefumba. Nikayafumbua.

Shangazi.

Kaja asubuhi! Amesimama na kikapu na dumu la asali, ananitazama. Nyuma yake Shomari ameegemea geti, anafuta machozi kwa lile shati la kupungia.

Nikavua vya masikioni. "Shi... shikamoo shangazi."

"Marahaba tena. Ile uliyouamkia mti nilishaitika."

Nilimwona Neema wangu akiondoka na ule msafara, mtungi na vyote. Nikamgeukia Shomari: "Si tulikubaliana?"

"Ningekukatizaje, mtani? Ulikuwa unaongea vizuri!" Kisha akamwinamia shangazi. "Mama, msamehe tu. Huyu alikuwa mpagazi wetu. Babu zetu walimwacha Tabora kwa sababu alikuwa anaongea na mizigo."

Shangazi naye Mnyamwezi, na mtani hakasirikiwi. Akang'ata pindo la kanga. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka, akacheka, mpaka akakaa juu ya tawi langu, kikapu mapajani.

"Binti tumekupa," akasema alipopata pumzi. "Lakini hayo madude ya masikio nayachukua."

"Ya kazi gani, shangazi?"

"Nampelekea Neema. Mimi nakoroma usiku tu, baba. Wewe unapayuka mchana."

Akayatumbukiza kikapuni. (Ni ya fundi. Nani angethubutu kusema?)

Basi msinicheke. Macho nilikinga, masikio nilikinga, mikono na miguu nilikinga. Mwenye kinga ya mdomo aniazime, harusi inakaribia.