Baiskeli ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anakuja Jumamosi. Anataka kuiona baiskeli ya marehemu mumewe, ile inayoegemea ukuta wa karakana yangu tangu msiba. Mke wangu ameniomba mambo mawili tu: niijaze upepo, niipake grisi. Amesema mama yake hana kumbukumbu nyingine kubwa kama hiyo. Nikaitikia. Kazi ya nusu saa.

Lakini kumpa mtengeneza fremu za baiskeli kama mimi kazi ya kujaza upepo ni kumwita mpishi aje achemshe maji. Nimeitazama hadi chai yangu ikapoa. Wazo likanijia. Niirefushe! Viti viwili, pedali jozi mbili. Mama mbele, binti nyuma, wanazunguka uwanja wa mpira wakimkumbuka marehemu. Atalia kwa furaha.

Jumanne, 4 Machi
Nimeikata. Chuma cha zamani, kizuri mno. Katikati ya bomba la juu mkono ulisita, nikadhani ni uchovu. Sasa nafikiri ilikuwa akili ikibisha hodi.

Mke wangu akauliza kupitia dirisha naendeleaje. Nikasema najaza upepo. Akauliza, tangu jana? Nikasema matairi ya zamani hayataki haraka. Niliujutia uongo huo kabla haujaisha kutoka mdomoni.

Jumatano, 5 Machi
Jirani amechungulia. Ni fundi wa mageti, tunamwita Timazi kwa sababu hawezi kupita mlango wa mtu bila kuupima kama umesimama wima. Akasema niilete kwake, ana meza bapa ya chuma ya kubania fremu isicheze. Akaongeza kwamba nishike kila kiungo kwa vitone vidogo vya kuchomelea kwanza, huku na huku, maana chuma kikipata moto upande mmoja hujivuta upande huo. Nikamwambia nilikuwa nachomelea fremu kabla yeye hajajua kushika koleo. Ana miaka kumi zaidi yangu. Akaguna, akaenda zake.

Ili kumwonyesha, nimechomelea upande wa kushoto wote kwa mkupuo mmoja.

Chuma kimejivuta.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeijaribu uani. Ukielekea mlangoni, unafika kwenye tangi la maji. Nimelifikia tangi mara tatu. Nimeigonga kwa nyundo, nimening'inia juu yake, nimeibembeleza. Mshono ukapasuka.

Nikakaa sakafuni na vipande vyangu. Kwenye bomba la juu palikuwa na mahali palipolika rangi. Ndipo mke wangu alipokuwa akikaa utotoni, baba yake akimpeleka shule. Alinisimulia mwaka ule tuliooana. Nimepachoma; rangi imefanya malengelenge. Nimekata pua nikitaka kuunga wajihi. Najuta, tena najuta sana. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumwambia. Nikamwambia grisi ndiyo inayonichelewesha.

Ijumaa, 7 Machi
Imekataa kuwa baiskeli, basi itakuwa sanamu. Nimeunda korongo. Uma wa gurudumu la mbele ndio miguu, usukani ndio mabawa, mnyororo ndio shingo, kengele ndiyo jicho. Anainama kushoto, lakini nadhani korongo wengi huvua samaki hivyo. Nimemfunika shuka. Sijapata hamu ya kula.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe amefika. Nikafunua shuka.

Mama mkwe akamzunguka korongo polepole, akaligusa lile jicho. Likalia. Akasema mumewe alikuwa akipiga kengele hiyo akikata kona, naye jikoni anajua aanze kupakua chakula. Kisha akaomba kiti.

Mke wangu hakufoka. Angefoka, ningejitetea. Aliuliza tu ni kipi kati ya upepo na grisi kilichonishinda kuelewa. Akalitafuta lile bomba lenye malengelenge, akalifuta masizi kwa pindo la gauni lake, muda mrefu, kama anayemfuta mtoto uso. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaingia karakana, nikavaa miwani ya kuchomelea, nikalia humo ndani.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu amepeleka vipande vya korongo kwa Timazi. Timazi amesema baiskeli itasimama tena, ila makovu hayatafichika. Hakunicheka, na hilo limeniuma kuliko kama angecheka. Mke wangu amehamia chumba anacholala mama yake. Leo ameniambia maneno mawili, yote mawili yalikuwa "pisha njia".

Mama mkwe ana moyo wa pekee. Jioni akaniita, akasema hata marehemu alikuwa na mkono wa kuharibu vitu, na mke wangu atatulia. Kisha, ili nisijione si kitu, akanikabidhi sanduku lake la chuma, alilonunuliwa na marehemu walipooana. Bawaba inalia. Anaomba tone moja la mafuta, maana anasafiri kesho asubuhi. Nikaapa mbele yake kwamba safari hii nitafanya nilichoambiwa. Karibu machozi yanitoke tena.

Nimetia tone moja. Bawaba imenyamaza. Kazi imekwisha, kwa heshima na adabu.

Nikalitazama sanduku. Mama wa umri ule, mzigo wote ule, na sanduku halina hata gurudumu moja!

Naandika haya nikisubiri chuma kipoe.