Dawa ya Kuzuia Moto na Pazia la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mzee anastaafu! Katangaza leo asubuhi huku anafuta miwani, kana kwamba anatuambia chai iko tayari. Kiti chake cha mkuu wa chumba cha kuchomea kiko wazi. Miaka kumi na moja nimo katika maabara hii, nafunga vipande vya magodoro na mbao kwenye foili, naviweka chini ya hita, vinawaka, naandika sekunde. Kisha ripoti inaenda kwa mteja na sahihi ya mtu mwingine. Sahihi! Hicho tu ndicho ninachokitaka. Jina langu pale chini.

Mpinzani ni mmoja, Bi Sekunde wa meza ya pili. Tunamwita hivyo kwa sababu hata chai anaikoroga kwa saa. Mzee atachagua Ijumaa. Nina mpango: dawa ya kupaka vitambaa visishike moto. Magadi, uji wa wanga, na majivu. Majivu yameshaungua, yataunguaje tena? Najishangaa mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Kitambaa nimekipata nyumbani. Pazia la sebuleni, zawadi ya mama mkwe, pamba nzito, linashuka mpaka sakafuni nyuma ya sofa. Nani huchungulia nyuma ya sofa? Nikapima kwa rula, nikakata mraba wa sentimita kumi kwa kumi, kama kanuni inavyotaka. Nikaupaka dawa, nikautia kwenye mfuko wa plastiki, huyoo kazini.

Saa ya chakula nikauweka chini ya hita. Dakika moja, kimya. Mbili. Tatu. Ukashika moto dakika ya nne na ushei! Mvuke ulikuwa mwingi kidogo, lakini mambo mapya hayakosi mvuke.

Bi Sekunde akapita, akauliza kama kipande kimelala chumba cha kutulizia. Ndiyo desturi yetu: kila kipande kikae siku mbili kwenye hewa isiyobadilika, kipimwe mpaka uzito usimame, ndipo kichomwe. Nikamwambia kijicho kitamuua. Akasema kauliza tu.

Mzee alipoona namba zangu akainua nyusi. Akataka tuchome Ijumaa mbele ya wote, vipande vitatu vyenye dawa na vitatu vitupu vya kulinganishia. Haya. Jioni mke wangu akiwa jikoni nikakata sita, vitatu nikavipaka dawa.

Jumatano, 5 Machi

Bi Sekunde kanipokea mlangoni. Kachukua vipande vyangu, kavipa namba, kavipeleka chumba cha kutulizia. Nikasema dawa yangu haina haja ya kulala. Akajibu kwamba hata shuka la Mzee likija hapa litalala siku mbili.

Nyumbani mke wangu kaniambia mama yake anakuja Jumapili, hamu yake kuona pazia limekaaje. Nikapaliwa na maji. Nikasema sofa lisisogezwe, mgongo wangu haukubali. Akaniangalia sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya mazoezi ya sahihi, kurasa tatu. Nimeamua kuweka mkia mrefu, na nukta mbili za heshima.

Nimechungulia vipande. Vimekakamaa, vimepauka, na vile vyenye dawa vimepungua uzito karibu nusu! Namshuku Bi Sekunde. Kuna kitu ameiba humo ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu yangu. Watu tisa walisimama nyuma ya kioo, mimi nimevaa tai. Kipande cha kwanza chenye dawa: sekunde kumi na moja. Fuu! Cha pili, kumi na moja. Cha tatu sikukiangalia, nilisikia tu watu wakivuta pumzi. Kisha vile vitupu: kumi na nne, kumi na nne, kumi na tano. Yaani dawa yangu inauharakisha moto!

Mzee alisema kwa upole kwamba Jumanne nilipima maji, si dawa. Kiti kakipata Bi Sekunde. Kanipa niandike ripoti ya vipande vyangu, chini akatia sahihi yake, fupi, haina mkia. Baadaye kaniletea chai. Kasema angalau mimi hujaribu. Chai ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilitaka sana jina langu liwe pale.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alifika saa nne. Alikaa kwenye sofa, nikashukuru. Alinyanyuka, akasema sofa linabana pazia, akalisukuma mwenyewe kwa nyonga. Miraba saba, imepangana vizuri, jua linapita.

Mama mkwe akapitisha kidole kwenye tundu moja moja. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo kama panya wa nyumba hii wanatumia rula. Nikasema huenda. Mke wangu akaenda jikoni, akafunga mlango. Nadhani alicheka. Namwomba Mungu awe alicheka.

Jumatatu, 10 Machi

Bi Sekunde kanipangia mwezi mzima chumba cha kutulizia. Napima vipande asubuhi na jioni, naandika uzito, ili kanuni iniingie. Nimekubali. Ni chumba kitulivu, mtu anaweza kufikiri.

Na nimefikiri! Kipande kibichi, dakika nne. Kikavu, sekunde kumi na moja. Kosa basi si dawa, ni ukavu! Kinachotakiwa ni pazia lisilokauka kamwe. Bomba jembamba kwenye pindo, ndoo juu ya dirisha, basi. Bi Sekunde ataomba radhi, na chini ya ripoti hiyo nitatia sahihi yangu, mkia na nukta zote.

Pazia la chumbani lina mita tatu na halijaguswa. Safari hii nitakata miduara. Panya hawakati miraba.